Gari la spoti la zamani linazimika njiani kisha linawaka lenyewe: namna ya kuutega ugonjwa

Gari lililokataa kuwaka kabisa si kazi ngumu. Limekufa na limetulia, unalipima mpaka ujue kilichokosekana. Linalotesa ni lile linalozimika barabarani, likakaa dakika kumi, kisha likawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Likifika gereji linanguruma vizuri siku nzima. Anabadilishiwa mwenye gari koili (kifaa kinachokuza umeme wa cheche), wiki ijayo pampu ya mafuta, mwezi ujao kompyuta ya injini, na siku moja gari linazimika tena vilevile.

Maelezo haya ni ya magari ya spoti ya petroli yaliyoundwa kuanzia miaka ya 1960 hadi katikati ya miaka ya 1990, kabla ya soketi ya uchunguzi ya OBD-II, ambayo Marekani iliilazimisha kwa magari ya mwaka 1996 na kuendelea. Humo yamo ya kabureta na platini (swichi inayokata umeme wa koili ndani ya distributa, yaani kigawa cheche), na yamo ya nozeli za kunyunyizia petroli zenye kompyuta za mwanzo kama L-Jetronic ya Bosch. Mengi ya magari haya hayana kumbukumbu ya makosa yenye maana yoyote, kwa hiyo mashine ya kusomea kompyuta haitakusaidia.

Sharti ni moja: usinunue kipuri kabla hujajua ni kipi kati ya vitatu hivi kilichokatika gari lilipozimika, yaani umeme unaolisha mfumo, cheche, au mafuta. Za mwizi ni arobaini, lakini huna haja ya kungoja zote. Mtegee.

Usalama kwanza

Injini ikizimika ukiwa kwenye mwendo, usukani wenye pawa unakuwa mzito na buster ya breki inabaki na akiba ya kukanyaga mara mbili au tatu tu. Kanyaga breki mara moja kwa nguvu ya kutosha na uishikilie, usiipampu. Usirudishe funguo hadi mwisho, kwa sababu usukani unaweza kujifunga. Ukifanya kazi kwenye mfumo wa mafuta, weka kizima moto karibu, toa presha kabla ya kulegeza mpira wowote, na acha injini ipoe. Mfumo wa K-Jetronic, aina nyingine ya nozeli za Bosch, unashikilia karibu bar 5, na mafuta yakiruka kwa presha hiyo juu ya egzosi ya moto huna muda wa kufikiri.

Majaribio ya barabarani yafanywe na watu wawili: mmoja anaendesha, mwingine anatazama vipimo. Chagua njia isiyo na magari mengi na yenye nafasi ya kusimama pembeni.

Andika kila tukio

Weka daftari ndani ya gari. Kila likizimika, andika papo hapo: limeendeshwa muda gani tangu liwashwe, geji ya joto inasoma wapi, mafuta yamebaki kiasi gani, ulikuwa unapiga resi au unaachia, barabara ilikuwa na mashimo au laini, ulikuwa kwenye kona ya upande gani, taa na feni zilikuwa zinafanya kazi, na lilichukua dakika ngapi kukubali kuwaka. Matukio matano yakiandikwa hivyo yana thamani kuliko saa kumi za kubahatisha.

Mengine yanajisema. Linazimika baada ya dakika 20 hadi 40 za barabara kuu, kisha linawaka baada ya dakika chache: fikiria kifuniko cha tangi kisichopumua au uchafu unaoziba mdomo wa kufyonza ndani ya tangi. Linazimika ukishalipaki dakika kumi na kuondoka tena: joto limepanda chini ya boneti kwa sababu hewa imeacha kupita, basi mtuhumiwa ni kifaa kinachochukia joto, yaani koili, moduli ya koili (kikato chake cha kielektroniki), sensa ya krenkishafti (kihisi cha mzunguko wa injini), au petroli iliyochemka kwenye kabureta. Linazimika ukigonga shimo: waya, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) au swichi ya funguo. Linazimika kwenye kona ndefu tangi likiwa chini ya robo: petroli imekimbilia upande mmoja na pampu imefyonza hewa. Huo wa mwisho si ugonjwa, ni umbile la tangi lisilo na vizuizi vya kutosha ndani, na dawa yake ni kujaza mafuta.

Namna linavyokufa, na dakika mbili zinazofuata

Watu wengi huupoteza ushahidi hapa kwa kukimbilia kupiga stata. Injini ikikata, na kama ni salama, acha gari kwenye gia bila kukanyaga klachi kwa sekunde mbili au tatu, ukiangalia mshale wa RPM. Magurudumu bado yanaizungusha injini, kwa hiyo mshale unapaswa kusoma mzunguko huo. Ukianguka hadi sifuri ghafla, ishara ya upande wa kwanza wa koili imepotea: swichi ya funguo, rilei kuu, sensa ya krenkishafti, platini au moduli. Ukibaki unasoma na kushuka taratibu pamoja na mwendo, upande huo wa umeme ni mzima na macho yahamie kwenye mafuta. Kipimo hiki hakifai kwa gari ambalo mita yake ya RPM inaendeshwa na kebo au jenereta yake ndogo, kwa sababu hiyo inasoma mzunguko tu.

Namna ya kufa nayo ni ushahidi. Kukata kama umezima swichi ni umeme. Kulegea, kutikisika, kumisi na kurudisha moto kwenye manifoldi kabla ya kufa kwa kawaida ni mafuta yanayopungua.

Ukishasimama, usiguse funguo kwanza. Taa za betri na oili zinapaswa kuwaka kwenye dashibodi. Zisipowaka, umeme umekatika kabla ya kufika kwenye mfumo, na swichi ya funguo ndiyo ya kwanza kushukiwa. Zikiwaka, zima, fungua tena funguo bila kupiga stata, usikilize pampu. Magari mengi ya nozeli huiwasha sekunde moja au mbili. Ya L-Jetronic za mwanzo hayafanyi hivyo, pampu yake hungoja stata au hewa ipite, basi usiihukumu kwa ukimya huo. Sasa piga stata: mshale wa RPM unatikisika? Usipotikisika kabisa, ishara ya cheche haipo. Ukitikisika, injini haiwaki, na egzosi inanuka petroli mbichi, mafuta yapo na cheche ndiyo imekwama mbele ya koili. Mwisho fungua kifuniko cha tangi. Kikivuta hewa kwa mlio mrefu na gari likawaka mara moja baada ya hapo, huenda safari imekwisha.

Ukaguzi usiogharimu kitu

Anza na betri. Ikiwa imepumzika isome karibu volti 12.6, na injini ikiwaka isome kati ya 13.8 na 14.4. Kaza vichwa vya betri kwa spana, siyo kwa mkono. Kisha ifuate waya nene ya ethi inayotoka kwenye injini hadi bodi. Injini inayumba kwenye mipira yake unapopiga resi, na waya uliooza ndani ya ganda lake hukatika na kuunga kwa kila myumbo.

Pima ethi kwa maltimita injini ikiwa inawaka na taa kubwa zimewashwa: ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini. Kisichozidi volti 0.1 ni kizuri, 0.2 kinavumilika, kikizidi hapo safisha sehemu zote mbili hadi chuma king'ae. Kupima omu za waya mnene ni kujidanganya. Waya iliyobaki na uzi mmoja wa shaba itasoma sifuri, kisha ikashindwa kubeba ampea tano.

Injini ikiwa kwenye silensa (mzunguko wa kupumzika, bila kukanyaga mafuta), tikisa kimoja kimoja kwa mkono, ukitumia mpini wa bisibisi palipo na moto: soketi za sensa, rilei, boksi la fyuzi, waya wa koili, mkufu wa funguo. Mkufu wenye funguo kumi na tano unaoning'inia ni sababu halisi ya swichi kuchoka. Mazda MX-5 za kizazi cha kwanza zinajulikana kwa viungo vya swichi ya funguo vinavyoungua hadi kukata umeme ukigusa tu funguo.

Ingia chini ya dashibodi na utafute king'ora au kizuia wizi kilichofungwa miaka iliyopita na kusahaulika. Vifaa hivyo hukata waya wa koili au wa pampu na kuupitisha kwenye rilei ndogo ya bei rahisi, mara nyingi kwa vibanio vya plastiki vya bluu vinavyouma waya bila kuuunga sawasawa. Ukivikuta, usipoteze muda kuvipima. Ondoa kifaa chote, rudisha waya kama ulivyotoka kiwandani, lehemu, funika kwa mpira unaosinyaa kwa moto. Kwenye magari yaliyopita mikononi mwa wenyewe watano au sita, ukaguzi huu humaliza kesi nyingi kuliko vipimo vyote vinavyofuata.

Magari ya Ford na ya Uingereza mara nyingi yana pia swichi ya ajali inayokata pampu gari likigongwa. Ikichoka hujikata kwenye shimo. Ibonyeze irudi, na angalia kama soketi yake imeungua.

Mtego: taa tatu, geji moja, simu moja

Hapa ndipo mahali pa kutumia muda wako. Unahitaji taa tatu ndogo za LED za rangi tofauti, kila moja na rezista ya omu 1,000 (zitavuta takriban miliampea 10 tu, hazitasumbua kitu), waya mwembamba wa mita tatu kwa kila taa, fyuzi ya ampea 1 kwenye chanzo cha kila waya, na ethi moja ya pamoja.

Taa nyekundu iunge kwenye chanya ya koili. Kama gari lina rezista ya koili (inayopunguza umeme unaoingia koili), unga kabla ya rezista hiyo, kwa maana baada yake utakuta volti 6 hadi 9 tu injini ikizunguka. Taa ya kijani iunge kwenye waya unaotoka rilei ya pampu kwenda pampu. Taa ya njano iunge kwenye umeme unaoingia kompyuta ya injini baada ya rilei kuu. Gari la kabureta lisilo na kompyuta linahitaji mbili za kwanza tu, na likiwa na pampu isiyo ya umeme, inayosukumwa na mkono wa kamu, moja inatosha. Zipange kwenye kipande cha kadibodi karibu na mita ya RPM.

Geji ya presha ya mafuta iungwe kwa kiungo cha T kwenye mpira unaoelekea reli ya nozeli, kwa mpira wa presha na klipu za mviringo kamili. Itoe nje kwenye ukingo wa boneti na uifunge kwa utepe juu ya kioo cha mbele. Geji yenye petroli haiingii ndani ya gari kwa sababu yoyote. Kabla ya kuondoka, washa injini na uangalie kila kiungo kama kinavuja.

Kisha simamisha simu kwenye kiti au kishikizi, irekodi video inayoonyesha taa tatu, mshale wa RPM na geji kwa pamoja. Jicho la binadamu halikumbuki kipi kilitangulia kwa robo sekunde. Video inarudishwa nyuma picha kwa picha.

Sasa endesha katika mazingira yale yale ambayo daftari liliyaonyesha. Kama ugonjwa ni wa joto, paki dakika kumi na injini ya moto, kisha ondoka.

Kusoma kilichonaswa

Kompyuta nyingi hukata pampu zenyewe zikikosa ishara ya mzunguko, kwa hiyo taa ya kijani kuzimika baada ya injini kufa haina maana. Maana iko kwenye mpangilio.

Zote tatu na dashibodi zikizimika pamoja: swichi ya funguo, waya mkuu wa umeme, au kichwa cha betri.

Njano ikitangulia, nyekundu ikabaki: rilei kuu ya kompyuta au soketi yake.

Kijani ikizimika wakati RPM bado inasoma vizuri, na presha ikafuata kushuka: rilei ya pampu au kinachoiamuru.

RPM ikianguka hadi sifuri na kijani ikaifuata mara moja, nyekundu na njano zikiwaka: kompyuta imekosa ishara ya mzunguko. Mtuhumiwa ni sensa ya krenkishafti au ya kamu, soketi yake, au waya wake. RPM ikianguka na kijani ikabaki kwenye gari la moduli tofauti: moduli ya koili.

Taa zote zikibaki, RPM ikabaki, presha ikaporomoka: pampu yenyewe, filta, tangi au kifuniko chake.

Kila kitu kikibaki kizima pamoja na presha, na bado injini ikafa: cheche inapotelea upande wa volti kubwa, yaani koili, rota (mkono unaozunguka ndani ya distributa) au kifuniko cha distributa, au kompyuta imeacha kufungua nozeli.

Umeme: rilei zina siri ndani

Fungua kifuniko cha plastiki cha rilei na uangalie upande wa lehemu kwa kioo cha kukuza. Pete nyembamba nyeusi kuzunguka mguu wa chuma ni ufa. Ikipata joto inaachana, ikipoa inashikana. Porsche 944, iliyouzwa miaka ya 1982 hadi 1991, ni mfano mashuhuri: rilei yake moja inalisha kompyuta na pampu kwa pamoja, na ufa wa lehemu ndani yake umeacha magari mengi barabarani. Kwenye gari hilo, kuunga mguu wenye namba 30 (umeme unaoingia) na wa 87b (unaokwenda pampu) kwa waya wenye fyuzi huendesha pampu peke yake, jambo linalokupa jibu la haraka kama pampu ni nzima. Ufa unaweza kulehemiwa upya, lakini rilei ya miaka thelathini ina viungo vilivyoungua pia, kwa hiyo mpya ni bora, na ile uliyoilehemu ibaki kwenye buti kama akiba.

Kwenye rilei ya kawaida, 30 ni umeme unaoingia, 87 unaotoka, 85 na 86 ni koili yake, ambayo husoma takriban omu 60 hadi 100. Omu zikiwa sahihi hazithibitishi uzima. Pima volti inayopotea kati ya 30 na 87 pampu ikifanya kazi: ikizidi 0.2, itupe.

MX-5 ya lita 1.6 ina ujanja wake. Rilei ya pampu inaamriwa na swichi ndogo ndani ya mita ya hewa yenye mlango. Kwenye kijiboksi cha uchunguzi chini ya boneti, ukiunga miguu iliyoandikwa F/P na GND pampu itazunguka muda wote funguo ikiwa imefunguliwa. Kama gari lililokuwa linazimika kila siku linaacha kuzimika ukiweka kiungo hicho, pampu umeisafishia jina, tafuta kwenye swichi ya mita ya hewa na waya wake. Kiondoe ukimaliza jaribio, kwa sababu pampu isiyojizima kwenye ajali ni hatari.

Cheche

Sensa ya krenkishafti ya sumaku na koili hupimwa kwa omu, kwa kawaida kati ya 500 na 1,500, lakini ipime ikiwa ya moto. Ikiwa baridi husoma vizuri, ikipata joto waya wa ndani huachana na mita inaonyesha mzunguko uliokatika. Angalia vumbi la chuma kwenye ncha yake ya sumaku, na pengo kati yake na meno, ambalo kwenye 944 ni milimita 0.8. Soketi zake mara nyingi hukaa nyuma ya injini, zinaokwa miaka na miaka, plastiki inavunjika ukigusa na waya zinabaki uchi. Sensa ya aina ya Hall (yenye elektroniki ndani) haipimwi kwa omu, unaweza kuiua. Hiyo huangaliwa ishara yake wakati wa kupiga stata.

Moduli ya koili hufa kwa joto kuliko kwa umri. Nissan 300ZX za Z32 za mwanzoni zina kitengo cha transista kilichokaa mbele ya injini, palepale panapochemka, na kuzimika au kumisi kwake kwa moto ni jambo linalofahamika sana. Mustang za lita 5.0 za nusu ya pili ya miaka ya 1980 zina moduli iliyofungwa kwenye distributa: linazimika likiwa la moto, linawaka likipoa. Ukibadilisha moduli ya namna hiyo, safisha uso unaokalia na upake mafuta maalumu ya kupitisha joto. Grisi ya kawaida ya soketi si hiyo, na moduli mpya bila mafuta hayo itakufa mapema.

Kwenye distributa zenye platini au kipokezi cha sumaku kuna ugonjwa mmoja unaopitwa mara nyingi. Sahani ya ndani husogea kila kiongeza taimingi cha mvuto wa hewa (kinachowahisha cheche) kinapofanya kazi, na waya mdogo unaokunjwa nayo hukatika ndani ya ganda lake. Mpira wake kwa nje ni mzima. Injini ikiwa kwenye silensa, chomoa mpira wa mvuto na uunyonye kwa mdomo au kwa pampu ya mkono. Taimingi inapaswa kupanda na mlio kubadilika. Ikikata au kumisi, umeupata. Waya wa ethi uliosukwa kati ya sahani na mwili wa distributa hufa vivyo hivyo.

Kondensa, kinachozuia platini isiungue, huharibika ikipata moto, na mpya za siku hizi nyingi hazina ubora wa zile za zamani, kwa hiyo kuwa na nyingine iliyokwisha kufanya kazi ni busara. Rota yenye kichwa cha riveti inaweza kupenyeza cheche hadi kwenye shafti, na ufa wake huuoni kwa macho.

Koili ya platini isiyo na rezista husoma takriban omu 3 upande wa kwanza, ya mifumo ya elektroniki kati ya 0.4 na 1.5, na upande wa pili kwa kawaida kilo-omu 6 hadi 15. Kujua kama cheche ipo, tumia kipima cheche chenye klipu kilichofungwa kwenye chuma. Kuacha waya ukining'inia hewani kwenye mfumo wa elektroniki huua moduli, na kuushika kwa mkono kunaweza kukuua wewe.

Mafuta

L-Jetronic nyingi husoma bar 2.5 mpira wa mvuto wa rekuleta (kirekebisha presha) ukichomolewa, na takriban 2.0 ukirudishwa kwenye silensa. Nyingine ni bar 3. Presha nzuri kwenye silensa haitoshi, kwa sababu pampu iliyochoka huonekana inapotakiwa kutoa wingi. Elekeza mpira wa kurudisha mafuta kwenye chombo chenye vipimo, endesha pampu sekunde 30: nyingi hutoa kati ya lita 0.75 na 1. Ukipata nusu lita au pungufu, badilisha filta kwanza kisha rudia kabla ya kuihukumu pampu.

Pima volti kwenye miguu ya pampu yenyewe ikifanya kazi. Ikipungukiwa na zaidi ya volti 1 kuliko betri, tatizo ni waya, na pampu mpya itaugua vilevile.

Tangi lililokaa miaka na petroli nusu huwa na kutu. Unga wake hukusanyika kwenye chujio la ndani, unaziba, injini inakufa kwa kiu. Pampu ikisimama, unga unadondoka, gari linawaka na kwenda kilomita kumi tena. Ni ugonjwa unaoiga wa joto kabisa. Kata filta ya zamani kwa msumeno wa mkono baada ya kuimwaga na kuikausha, na ufungue karatasi yake: unga wa kahawia unakueleza yote. Mipira ya kale isiyostahimili ethanoli nayo huvimba na kubomoka kwa ndani, na kipande kinaweza kuziba kama valvu.

Kwa kabureta, petroli ikichemka kwenye chemba utakuta injini inakataa kuwaka ikiwa ya moto, ikinuka petroli, na inakubali ukikanyaga mafuta hadi chini bila kupampu. Rudisha ngao ya joto iliyoondolewa, weka kipande kinachozuia joto chini ya kabureta, sogeza mipira mbali na egzosi. Kabla ya yote hayo hakikisha taimingi haijachelewa, kwani injini yenye taimingi iliyochelewa huchemsha kila kilicho chini ya boneti.

Kama linazimika ukisimama tu

Hili ni kundi jingine, usilichanganye na yaliyotangulia. Safisha koo la throto (mlango wa hewa wa injini) na valvu ya silensa kwa dawa ya kopo. Silensa ya MX-5 ya kwanza ni mizunguko 850, zaidi au pungufu 50, na huwekwa baada ya kuunga miguu iliyoandikwa TEN na GND kwenye kijiboksi cha uchunguzi. Kwenye magari yenye mita ya hewa, hewa yoyote inayoingia nyuma yake haihesabiwi: fungua kifuniko cha oili injini ikiwaka, na kwenye L-Jetronic nyingi silensa itayumba au itakufa. Isipobadilika, tayari kuna upenyo mwingine mkubwa mahali fulani, hata raba ya kijiti cha oili inatosha.

Waliopamba magari yao wanajitengenezea ugonjwa huu wenyewe. Valvu ya turbo inayopulizia nje hewa ambayo mita imekwisha kuihesabu hufanya mchanganyiko uwe mzito ghafla ukiachia mafuta, na injini inazama. Flaiwili (gurudumu zito mwishoni mwa krenkishafti) iliyopunguzwa uzito nayo huanguka haraka kuliko valvu ya silensa inavyoweza kuidaka. Ya kwanza irudishwe kwenye mpira wa kuingiza hewa, ya pili inahitaji silensa ya juu kidogo.

Kuungamisha kwa joto na baridi

Ukiwa na watuhumiwa wawili na huna hakika, pasha mmoja kwa draya ya nywele injini ikiwa baridi na inawaka kwenye silensa. Usipite nyuzi 100 kwa kukisia, na usitumie draya karibu na petroli iliyo wazi. Injini ikikata, mpulizie huyo huyo dawa ya kupoza ya kopo na ujaribu kuwasha. Ikiwaka, rudia mara mbili zaidi. Kifaa kinachokufa kwa moto na kufufuka kwa baridi mara tatu mfululizo ndicho.

Badilisha hicho tu. Kibandike cha zamani karatasi yenye tarehe na kilomita, kihifadhi. Acha taa tatu mahali pake na uendeshe kwa kipindi kinachozidi kile kirefu zaidi ambacho daftari lako lilikionyesha kati ya tukio na tukio: kama lilikuwa likikaa wiki tatu bila kuzimika, wiki mbili za amani hazijathibitisha chochote. Ukiridhika, ondoa geji kwanza, rudisha mpira wa mafuta na klipu zake, kagua uvujaji injini ikiwaka, ndipo uchomoe waya za taa na kuziba kila mahali ulipotoboa ganda la waya.